Je, Ukimya wa Mtu ni Deni?

Somo: 1 Samweli 1:9–18; Marko 5:25–34; Marko 7:31–37



Wengi wenu mliofika kwetu katika ushirika wa nyumbani wa Jumatano mmemwona kasuku aliye kwenye kona ya sebule. Karibu kila mmoja ameniuliza, "Pasta, huyu anaongea?" Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa la aibu kidogo: "Bado." Wiki hii nataka kueleza kilichokuwa nyuma ya hiyo "bado". Kasuku huyu amenifundisha jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla sijawekewa mikono, na kabla sijalijua nilimuumiza mtu ndani ya kanisa hili.

Swali langu ni hili. Mtu akikaa kimya kati yetu, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, je, ukimya wake ni deni? Tunaweza kumwendea na kumwambia, "Lipa, sema kitu"?

Kasuku na jedwali langu

Mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, alihamia kwa mwanawe katika mji mwingine mwaka jana. Kule hakukuwa na nafasi ya ndege, akatuomba tumchukue Baraka, kasuku wa kijivu aliyeishi naye zaidi ya miaka kumi. Kabla sijaendelea, niseme neno moja, maana sitaki mtu asome hapa kisha aende kununua ndege wa magendo. Hapa Kenya huruhusiwi kumfuga kasuku huyu bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Mwaka 2021 KWS iliwapa muda wale waliokuwa nao bila kibali wajitokeze waandikishwe. Kasuku wa kijivu ni ndege wa msitu. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuja mpaka upande wetu wa Kakamega, na wamekamatwa na kuuzwa mpaka wamepungua sana. Tangu 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES unakataza biashara ya wale wanaotolewa mwituni. Mzee wetu alikuwa na kibali, nasi tulifuata utaratibu mpaka karatasi zikawa sawa.

Kwa mzee, Baraka alikuwa anaongea kutwa. Aliita watu majina, alipiga mluzi, aliiga hata komeo la mlango. Kwetu alinyamaza kabisa.

Nilisomea biashara. Hilo mnalijua, maana hunitania kila nikipewa bajeti ya kanisa niikague. Jambo lolote likifika mkononi mwangu, kwanza nalitafutia malengo na tarehe. Basi nikachora jedwali. Wiki ya kwanza, kasuku azoee chumba. Wiki ya pili, aseme "Bwana asifiwe". Wiki ya nne, awasalimu watu wa ushirika wakiingia. Kila asubuhi nilisimama mbele ya tundu dakika kumi na tano, uso kwa uso, nikirudia salamu hiyo. Nikitoka kwenda kazini nilimwachia simu ya zamani ikicheza sauti yangu: Bwana asifiwe, Bwana asifiwe, Bwana asifiwe.

Hakusema. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa vyuma vya tundu. Alikula tu tukishatoka chumbani. Wiki ya tatu nilikuta manyoya ya kifuani mwake yametapakaa chini. Alikuwa akiyang'oa mwenyewe kwa mdomo wake. Na mimi, badala ya kuuliza ndege ana nini, niliongeza dakika tano za mafunzo.

Maiki kwenye benchi la mwisho

Wiki hizohizo kulikuwa na dada aliyekuwa amehudhuria ibada yetu ya pili kwa karibu miezi mitatu. Ninaandika habari zake kwa ruhusa yake. Alisoma kwanza, akafuta mistari miwili, nami sikuirudisha.

Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, yeye na mtoto wake wa kiume. Alifika mapema, aliimba kwa sauti ya chini, alitoa sadaka yake, na kabla watu hawajamaliza kusema amina ya mwisho alikuwa ameshaondoka. Wageni walipoambiwa wasimame, hakusimama. Tukisema, "Mgeukie jirani yako umwambie," yeye aligeuka, akatabasamu, basi.

Katika mkutano wa wahudumu jina lake likatajwa. Mmoja akasema pengine hajaokoka. Mwingine akasema huenda ni roho ya ububu, tumtengee siku ya maombi. Mimi nilikuwa na karatasi yangu ya kila mwezi: wageni wangapi wamekuja, wangapi wamejiunga na ushirika wa nyumbani, wangapi wametoa ushuhuda. Kwenye karatasi hiyo dada huyu alikuwa na nafasi tupu mbili, na nafasi tupu hunisumbua.

Jumapili moja nikawa mimi ndiye kiongozi wa ibada. Saa ya ushuhuda ilipofika nilishuka na maiki mpaka benchi la mwisho, nikasema, "Leo dada yetu atatuambia Bwana amemtendea nini." Kanisa likapiga makofi kumtia moyo. Akasimama. Akashika maiki kwa mikono miwili. Akaanza vile sisi sote huanza: Bwana asifiwe, kwa majina naitwa fulani, nimeokoka, nampenda Bwana. Hapo akakwama. Makofi yakaongezeka. Nami nikamwambia, "Endelea, mama, usiogope." Akanirudishia maiki, akamshika mtoto mkono, wakatoka nje.

Nilirudi mbele nikasema shetani ameaibika, tukaimba wimbo. Dada hakuonekana Jumapili saba.

Daktari aliyeangalia chumba kwanza

Manyoya yalipozidi kudondoka, mke wangu alikataa kusubiri jedwali langu. Alimwita daktari wa mifugo. Huyo bwana alisimama mlangoni, akakiangalia chumba chote kabla hajamwangalia ndege. Aliuliza Baraka analala saa ngapi, nani hukaa naye, anakula nini, tundu lilikuwa upande gani kwa mzee. Nilipomweleza juu ya mafunzo ya asubuhi alicheka kidogo, akasema, "Pasta, huyu ni ndege anayewindwa na mwewe. Kitu kikisimama mbele yake na kumkazia macho mawili, yeye hajui kwamba kinamsalimu."

Akatupa maagizo. Tundu liegemee ukuta, ili asiwe anatazama pande zote nne akiogopa. Liwe mahali familia inapokaa, lakini mbali na jikoni, kwa sababu mapafu ya ndege hayavumilii moshi, na sufuria zile ambazo chakula hakishiki zikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoweza kumuua. Alale gizani saa kumi na mbili hivi. Apewe mboga za kijani, karoti, papai, lakini avokado asiguse kabisa, ni sumu kwake. Apewe vijiti vya kutafuna. Simu ile izimwe. "Na mkae karibu naye mkifanya shughuli zenu," akasema. "Msimtazame. Ongeeni ninyi kwa ninyi."

Kisha akasema neno ambalo nimeliweka moyoni. Alisema ukimya peke yake si ugonjwa, lakini ndege huficha ugonjwa, kwa sababu msituni anayeonekana mnyonge ndiye hukamatwa. Kwa hivyo tusimlazimishe kusema, lakini kila siku tuangalie chakula kimepungua au la, kinyesi kikoje, uzito uko vipi. Mnaona hapo, wapendwa? Kuacha kumdai si kuacha kumwangalia. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume: nilimdai sana na nikamwangalia kidogo.

Minji

Tuliweka kiti chini ya dirisha karibu na tundu. Jioni mke wangu na binti yetu wa miaka sita walikaa hapo wakimenya minji. Binti alimwuliza mama yake, "Naomba minji moja." Mama akampa, akasema, "Haya, minji." Binti akasema asante, akala. Halafu wakabadilishana, mama akaomba, mtoto akatoa. Ilikuwa mchezo wao tu. Baada ya siku chache niliona Baraka ametoka kwenye ile kona ya nyuma. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, jicho moja likifuata kila minji inayotoka mkono huu kwenda mkono ule.

Nikaanza kusoma, na nikakuta kwamba mke wangu na mtoto, bila kujua, walikuwa wakifanya kitu kinachojulikana sana. Mwaka 1977 mwanamke Mmarekani aitwaye Irene Pepperberg, aliyekuwa amesomea kemia, alinunua kasuku wa kijivu katika duka moja Chicago. Alimwambia mfanyakazi wa duka achague ndege yeyote, ili baadaye mtu asije akasema alijichagulia mwenye akili. Ndege huyo akaitwa Alex. Hakumfundisha kwa kusimama mbele yake akirudia maneno. Alitumia njia iliyotokana na kazi ya mtafiti Mjerumani, Dietmar Todt: watu wawili wanaongea mbele ya kasuku juu ya kitu halisi. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, akijibu sawa anapewa kitu kile, kisha wanabadilishana. Kasuku anatazama. Anaona kwamba neno lina kazi, kwamba linajenga kitu kati ya watu, naye anataka kuingia. Walipojaribu kuwafundisha kasuku kwa video peke yake, bila mtu wa kushirikiana nao, hawakujifunza maneno yale.

Alex alikufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31 hivi. Alikuwa anaweza kutaja vitu vipatavyo hamsini, rangi saba, na kuhesabu mpaka sita. Na kasuku mdogo, Griffin, alipokuwa akijifunza karibu naye na kutamka ovyo, Alex aliingilia kati akamwambia aseme vizuri zaidi! Nafikiri kila kwaya ina Alex wake.

Kuna jambo lingine. Mwaka 2020 watafiti walichapisha jaribio la kasuku wa kijivu waliozoezwa kubadilisha vipande fulani kwa chakula, kama sisi na shilingi. Kasuku mmoja alikuwa na vipande lakini hakuwa na njia ya kununua. Jirani yake alikuwa na njia ya kununua lakini hana kipande. Yule wa kwanza alipitisha vipande kwenye tundu la ukuta akampa jirani, ingawa wakati huo yeye mwenyewe hakupata chochote. Mtu aliyesomea biashara akisoma hivyo hukaa kimya kidogo. Ndege yule alimpa mwenzake bila kumpa ankara.

Neno la kwanza

Sasa mnataka kujua Baraka alisema nini. Ilichukua wiki nyingine tisa. Manyoya ya kifuani yalianza kurudi. Alianza na mluzi, kisha akaiga komeo la mlango wetu. Jioni moja nilikuwa mezani na simu, na binti yangu alikuwa amesimama kando yangu na daftari lake la shule. Kutoka kwenye kona ikatoka sauti ya mwanamume, sauti yangu mimi hasa, imechoka kidogo, ikasema: "Ngoja kidogo."

Mke wangu alicheka mpaka akaketi. Binti yangu hakucheka. Alimtazama kasuku, akanitazama mimi, akasema, "Baba, hata yeye anajua."

Nilikuwa nimemfundisha "Bwana asifiwe" kwa saa nyingi. Yeye akachukua neno ambalo nyumba ilikuwa inalisikia kweli, kutoka kwangu kwenda kwa mtoto wangu, kila jioni. Usiku huo nilizima simu, nikashika daftari. Na nilipolala nilimfikiria yule dada wa benchi la mwisho. Ingewezekana kanisa letu nalo lilikuwa limemfundisha kitu, lakini siyo kile tulichokitamka kwenye maiki.

Tunadai nini tunapodai sauti?

Tukimsema mtu anayekariri bila kuelewa, tunasema anaimba kama kasuku. Hebu tuwe wakweli. Mtu akilazimishwa atoe ushuhuda kabla hajawa tayari, atatoa nini? Atatoa yale maneno ya kuanzia ambayo sote tunayajua. Tutapiga makofi, na nitaweka alama kwenye safu ya tatu. Tutakuwa tumepata kasuku, tumempoteza mtu. Ajabu ni kwamba hata kasuku mwenyewe hafundishiki vizuri hivyo.

Ushuhuda ni zawadi. Mtu anafungua mlango wa ndani anatuonyesha Mungu alipopita. Zawadi ukiidai inageuka kuwa kodi, na watu hulipa kodi kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Najua mtu atasema, "Lakini Pasta, Warumi 10 inafundisha kukiri kwa kinywa. Na Zaburi ya 107 inawataka waliokombolewa waseme." Ni kweli kabisa, na sitaki kulipunguza Neno. Aliyeokoka ana jambo la kukiri. Lakini anamwia nani? Anamwia Bwana, kwa wakati ambao Bwana anaujua. Mimi si karani wa kukusanya deni hilo kwa tarehe za jedwali langu.

Tazameni Hana. Aliomba hekaluni, midomo ikitikisika, sauti haisikiki, na Eli kuhani akadhani amelewa. Eli hakuwa mtu mbaya, alikuwa kazini. Alikuwa na picha kichwani ya jinsi mtu anayeomba anavyopaswa kusikika, na huyu mwanamke hakufanana nayo. Ukimya uliokuwa umejaa sala, mtumishi aliusoma kama ulevi. Sisi tuliusoma kama ububu. Ila Eli alipoelezwa alibadilika palepale, akambariki. Hapo ndipo ninataka kufanana naye.

Tena tazameni Marko 7. Watu walimleta kwa Yesu mtu kiziwi asiyeweza kusema vizuri. Yesu alimtoa kwenye umati, wakawa kando. Akamgusa masikio, akamgusa ulimi, akaugua akitazama mbinguni. Alisema naye kwa njia ambayo kiziwi angeielewa. Na ulimi ulipofunguka, hakumrudisha mbele ya umati na kumwambia ashuhudie. Aliwakataza watu wasilitangaze. Mimi kama ningekuwa pale, ningekuwa na maiki tayari.

Mtu anayejua Biblia ataniuliza kuhusu mwanamke aliyetokwa na damu. Si Yesu alimwita mbele ya watu wote? Swali hili lilinisumbua zaidi ya mengine yote. Lakini someni tena Marko 5. Kwanza alikuwa ameshapona. Hakuambiwa aseme ndipo apone. Pili, Yesu aliuliza ni nani aliyemgusa, akatazama huku na huku, lakini hakumshika mkono akamwinua mbele ya watu. Mwanamke alikuja mwenyewe, akitetemeka, akasema kweli yote. Na neno la kwanza alilosikia ni kuitwa binti. Kuna tofauti kubwa kati ya kuacha mlango wazi na kumsukuma mtu apite.

Kuna ukimya wa aina nyingine, nao lazima niutaje. Mtoto aliyekuwa akicheka na sasa hasemi, mwanamke anayenyamaza kila mumewe akiingia chumbani, huo si ukimya wa kusubiri ukisema "ngoja kidogo". Ndiyo maana nilipenda neno la daktari. Angalieni chakula. Angalieni uzito. Kwa dada yule tulikuwa tumeuliza kama ameokoka, tukauliza kama ana roho ya ububu, tukauliza kwa nini hashuhudii. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama amekula, au kama kodi ya nyumba imelipwa. Tulitaka sauti yake kabla ya kujua hali yake.

Na kuna jambo linalonichoma hata sasa. Baraka hakuchagua kuja kwetu, na hawezi kuondoka. Dada yule aliweza, akaondoka. Binti yangu hawezi. Kadiri mtu asivyo na njia ya kututoroka, ndivyo tunavyopaswa kuwa wapole zaidi na sauti yake. Watoto wetu wako kundi hilo, na wasichana wa kazi nyumbani mwetu, na wazee wanaotutegemea.

Nilipokwenda kwake

Nilikwenda kumwona dada na mke wangu. Sikwenda na Biblia kubwa wala barua ya kanisa. Nilimwambia, "Nilikukosea. Nilikuweka mbele ya watu bila kukuuliza. Naomba unisamehe." Alinyamaza muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikuujaza ule muda. Mke wangu alikuwa akimsaidia mtoto kumenya machungwa. Baadaye alitueleza sababu ya ukimya wake. Sitaiandika hapa; si yangu. Niseme tu kwamba kama ningeijua, ningeona haya hata kuishika ile maiki.

Amerudi, lakini si kwa shangwe. Alikuja ibada ya kwanza, ambayo ina watu wachache, akaketi benchi la mwisho. Siku za Jumatano huja kwetu mapema na kuosha vikombe na mke wangu. Hajatoa ushuhuda. Pengine atatoa mwakani, pengine hatatoa kamwe kwa njia tunayoijua sisi. Mtoto wake humfundisha Baraka kusema jina lake, na Baraka bado hajalisema, na mtoto hana haraka.

Kwa idhini ya mchungaji kiongozi tumebadilisha mambo machache. Wageni hawaambiwi tena wasimame. Wanakaribishwa wote kwa pamoja, na chai iko nyuma kwa anayetaka. Anayetaka kushuhudia anamwona mhudumu kabla ya ibada. Na kwenye karatasi yangu ya mwezi nimefuta safu ya ushuhuda, nikaandika badala yake: "Nani tumekula naye?"

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani katika ushirika wetu aliye kimya, na tunajua nini kuhusu hali yake mbali na ukimya huo?

2. Kasuku angekaa nyumbani kwako mwezi mmoja, angetoka na neno gani?

3. Ni wakati gani kusubiri ni upendo, na ni wakati gani kusubiri ni uvivu wetu?

Tuombe. Bwana Yesu, uliyemtoa kiziwi kwenye umati ukakaa naye kando, utusamehe pale tulipodai sauti za watu wako kabla ya kuwapa viti. Utupe masikio ya kuwasikia wanaosema kidogo, na macho ya kuona wanaoumia kimya. Utufundishe kuketi nao. Amina.